Kiyoyozi Kikuukuu cha Juu ya Paa la Gari, na Joto la Moshi

Mwanachama wetu mmoja wa Pemba ametuletea swali ambalo halihusu mkarafuu wala jamvi la kuanikia, lakini lahusu fedha iliyotokana na karafuu, na kwa hivyo tumeona lina haki ya kupata nafasi katika ukurasa huu. Mwanawe yuko Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro, katika kazi ya kuwapokea wageni wapandao mlima. Baada ya msimu mzuri baba na mwana walishirikiana wakanunua gari-nyumba kuukuu, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wapate kulikodisha kwa wageni wapendao kulala njiani. Gari ni zima na injini ni nzima, lakini kiyoyozi kilicho juu ya paa hakipozi. Fundi wa kwanza alisema gesi imekwisha. Akatia, akalipwa, na baada ya wiki tatu hali ikarudi ile ile. Fundi wa pili amesema kompresa imekufa, na kwamba hapana dawa ila kununua mtambo mpya. Mwanachama auliza: atoe fedha tena, au asitoe?

Jibu letu ni kwamba asitoe bado. Kiyoyozi cha namna hii kikizeeka, mara nyingi kinachokiua si gesi. Ni uchafu, ni upepo unaopotea njia, na ni umeme usiokifaa. Mambo haya matatu hutazamwa kwa bisibisi, brashi, ndoo ya maji, mita ya umeme na kipimajoto, na gharama yake ni ndogo. Gesi hutazamwa mwisho, kwa sababu kuifikia ni lazima mtambo utobolewe, na mtambo uliokwisha kutobolewa haurudi kuwa kama ulivyotoka kiwandani. Fundi anayeanza na gesi ameanza na mwisho wa kazi. Tutaeleza kwa taratibu, na wale wasio na gari-nyumba wasigeuze ukurasa, maana mengi ya haya ni ya kiyoyozi chochote kile, hata cha dukani Chake Chake au Wete.

Kwanza inafaa kujua ni mtambo wa namna gani. Kiyoyozi cha nyumbani siku hizi kina vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Hiki cha juu ya gari ni kipande kimoja: kila kitu kimo katika sanduku lililolala juu ya paa, lenye uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi, na kimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Katika magari ya Kimarekani sanduku hilo hukaa juu ya tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, nalo limeshikwa na bolti ndefu nne zinazotoka ndani, chini ya dari. Hapana bomba la kuunga na hapana valvu ya kutilia gesi. Kiwanda kilitia gesi kwa kipimo kisha kikaziba kwa kuchomea. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na kiyoyozi cha motokaa ya kawaida, ambacho kina mipira na valvu za kutilia gesi, na ndiyo sababu fundi aliyezoea motokaa hukosea akifika hapa.

Namna kinavyopoza si siri. Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano, mkono huona baridi, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke huchukua joto la ngozi. Mtungi wa maji hupoa kwa sababu hiyo hiyo. Katika kiyoyozi gesi iliyobanwa ikawa maji huachiwa ichemke ndani ya mabomba ya upande wa baridi, na ikichemka huchukua joto la hewa ya chumbani. Kisha kompresa huivuta, huibana, na kuisukuma katika mabomba ya upande wa moto, ambako feni hulitoa joto lile nje. Gesi hugeuka maji tena, na safari huanza upya. Basi kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni ya hamali, kulichukua joto ndani na kulitua nje. Mabomba yote mawili yamevikwa mapezi membamba ya alumini, mamia kwa mamia, yaliyokaribiana kama kurasa za kitabu, ili hewa ipate mahali pengi pa kugusa. Mapezi hayo yakiziba, hamali amefungiwa mlango.

Na Moshi yanaziba. Mtu wa Visiwani akisikia Kilimanjaro hufikiri theluji, kwa kuwa mlima una mita 5,895 na kilele chake ni cheupe. Lakini mji wa Moshi uko chini, kiasi cha mita 850 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 bila ya taabu. Baridi iko juu, katika vihamba vya migomba na kahawa. Wageni hulala Marangu au Machame kabla ya kupanda, na huko usiku mtu hataki kiyoyozi, ataka blanketi. Kiyoyozi chatakiwa chini: mjini Moshi, Himo, Mwanga, Same, na katika safari nzima ya kushuka kwenda Korogwe na Tanga. Barabara kuu ni ya lami, lakini gari la wageni haliishi katika lami. Huingia njia za udongo, na vumbi la nchi zile za chini ni jembamba kama unga wa muhogo. Likichanganyika na mafuta na jasho la mtambo hugeuka tope kavu, nalo hujenga ukuta katika mapezi ya upande wa moto. Mtu akitazama kwa juu haoni kitu, maana uchafu umelala ndani, upande feni inapovutia hewa. Zaidi ya vumbi kuna manyigu, ambao hupenda mno sanduku lile, hulijenga nyumba za udongo mpaka feni ikashindwa kuzunguka.

Twarudi kwa mwanachama wetu. Kabla ya kumwita fundi wa tatu, mtu wake aliye Moshi afanye hivi.

Azime umeme kabisa: achomoe waya wa nje, azime jenereta, na kama kuna inveta inayotoa umeme katika betri, nayo aizime. Kisha apande kwa ngazi thabiti, akanyage kwenye mbao au pale penye mihimili, maana paa la gari la zamani ni jembamba, na pengine mbao zake za ndani zimeoza kwa maji bila ya mwenyewe kujua. Kifuniko cha plastiki akifungue kwa upole; jua la miaka ishirini hukifanya kiwe kama ganda la yai.

Ndani ataona upande wa mapezi ya moto, feni, kompresa iliyo kama chungu cheusi, na kisanduku cha nyaya. Katika kisanduku kile mna kapasita, mikebe midogo ya bati inayohifadhi umeme wa kuipa mota nguvu ya kuanza na kuendelea. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo waweza kumrusha mtu kutoka juu ya paa. Asiiguse mtu asiyejua. Anayejua huiondolea umeme wake kwa kipande cha rizista chenye mipini isiyopitisha umeme, kisha hupima kwa mita ahakikishe kuwa hapana kilichobaki.

Mapezi yasafishwe kwanza kwa brashi laini, kwa kufuata mlalo wake na si kwa kukata. Halafu yarushiwe maji ya sabuni isiyo kali kwa bomba la bustani, kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Mota na kisanduku cha nyaya vifunikwe kwa nailoni. Ile mashine ya kuoshea magari yenye nguvu haifai hata kidogo. Hulaza mapezi kama upepo ulazavyo mpunga, na pezi lililolala ni sawa na pezi lililoziba. Yaliyolala yanyanyuliwe kidogo kidogo kwa kisu butu au kwa kile kitana maalumu cha mafundi. Kazi hii yataka asubuhi nzima. Asiwe na haraka.

Upande wa baridi umefichwa chini ya kifuniko cha bati. Huko mapezi hushika utando wa vumbi na nywele, na chini yake pana sinia la kukusanya maji, lenye matundu ya kutolea. Matundu yazibuliwe. Wakulima wa karafuu hatuna haja ya kufundishwa kwamba hewa ina maji ndani yake, kwani kila mwenye jamvi amekwisha kuona karafuu iliyokauka ikarudi kulainika kwa unyevu wa jioni moja. Hewa hiyo hiyo ikigusa mapezi ya baridi hutoa maji yake, na maji hayo hupasa kudondoka juu ya paa na kuteremkia nje. Yakidondoka kitandani, basi ama matundu yameziba, ama ile sponji nene iliyo kati ya sanduku na paa imekufa.

Sponji hiyo ni kitu cha bei ndogo, lakini watu huiharibia kazi. Ikiwa mpya huwa na unene wa inchi moja na zaidi kidogo, na zile bolti nne hukazwa kwa zamu, kila moja kidogo, mpaka ibaki kiasi cha nusu inchi. Ikilegea, maji ya mvua huingia. Ikikazwa mno, sinia hupinda na maji hukaa upande mmoja. Wako wanaoipaka gundi pande zote kwa kufikiri kwamba wanazidisha uzima. Siku ya kulishusha sanduku hung'oa na paa pamoja. Yatosha sponji peke yake.

Hapo mtu ashuke, aingie ndani, afungue kibao cha dari. Hapa pana kosa ambalo mafundi wengi hawalitazami, nasi twaliona kuwa ndilo la kwanza kutazamwa katika gari lolote kuukuu. Juu ya kibao kile mna njia mbili za hewa zilizo bega kwa bega: moja hupandisha hewa ya moto ya chumbani iende ikapozwe, na moja huteremsha hewa iliyokwisha kupozwa. Kati yake pana ukuta mwembamba wa bati au sponji. Ukuta huo ukiachia hata upana wa kidole, hewa ya baridi haiteremki chumbani. Hugeuka pale pale ikavutwa tena juu. Mtambo hupoza hewa yake wenyewe, mabomba hushika barafu, na kidude cha kupimia joto hudanganyika kikaizima kompresa kwa kudhani kwamba chumba kimepoa. Aliyekaa chini anatoka jasho. Dawa yake ni mkanda wa gundi wa alumini, ule unaostahimili joto, ubandikwe katika kila ufa. Usiwe ule wa kitambaa, maana gundi yake huachia kwa joto la dari. Kichujio nacho kioshwe, na katika njia za vumbi kioshwe kila baada ya wiki mbili.

Sasa umeme, na hapa ndipo penye fumbo la magari yaliyotoka mbali.

Umeme wa TANESCO, kama ule wa Visiwani, ni wa volti 230 na hezi 50. Yaani hukamilisha mzunguko wake wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Magari-nyumba yaliyotoka Afrika Kusini au Ulaya yamejengewa umeme kama huo, nayo hayana neno. Lakini yaliyotoka Marekani yana mitambo ya volti 115 na hezi 60. Mwenye gari hununua transfoma ya kupunguza volti, akaona amemaliza. Transfoma hupunguza volti, haibadili hezi. Mota iliyojengwa kwa hezi 60 ikipewa 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, feni na kompresa vyote viwili, na chuma cha ndani hupata moto kuliko kilivyokusudiwa. Kiyoyozi hupoza kidogo, hunguruma kwa sauti nzito, kisha kile kinga cha ndani ya kompresa huikata ijizime. Mtu akija na mkono wake akaigusa na kuona ni ya moto, husema kompresa imekufa. Nayo haijafa, imechoka.

Njia ya kuupata ukweli ni rahisi. Gari la Kimarekani kwa kawaida lina jenereta yake lenyewe, nayo hutoa volti 120 na hezi 60. Kiyoyozi kijaribiwe kwa jenereta hiyo. Kikifanya kazi vizuri kwa jenereta na vibaya kwa umeme wa hoteli, mtambo hauna ugonjwa, na fedha ya mtambo mpya ibaki mfukoni. Baada ya hapo mwenye gari atachagua: atumie jenereta tu, au anunue inveta nzuri itoayo hezi 60, au, kama lazima atumie transfoma, achague itoayo volti pungufu, karibu na 100 kuliko 115, kwa kuwa hezi zikipungua volti nazo yafaa zipungue kwa kadiri hiyo. Transfoma yenyewe isiwe ndogo. Mtambo wa ukubwa wa kawaida, ule wanaouita wa 13,500, unaohamisha joto la karibu kilowati 4, huvuta ampea 12 hadi 16 ukiwa katika mwendo, na katika kuanza huvuta mara kadhaa zaidi ya hizo. Transfoma ya wati 3,000 si kubwa mno.

Kuna tena jambo la urefu wa nchi. Injini ya jenereta hula hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini isiyo na pampu ya kuisukumia hewa hupoteza asilimia 3 ya nguvu zake au zaidi kidogo. Basi jenereta iliyotosha kwa shida pale Tanga, ikifika Moshi imepungukiwa na kama sehemu moja katika kumi, na ikifika lango la Marangu, karibu mita 1,900, imepungukiwa na kama sehemu moja katika tano. Ndipo watu husema, “Kiyoyozi kilikuwa kizima mpaka tulipofika Moshi.” Kompresa yataka kuanza, jenereta yalemewa, volti zashuka, kompresa yanguruma na kukata. Mwenye gari azime jiko la umeme na chaja kwanza, ndipo awashe kiyoyozi. Na jenereta isiwashwe usiku chini ya dirisha la mtu aliyelala, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua watu wengi duniani.

Hata umeme wa waya una kasoro zake. Kambi nyingi huleta umeme kwa waya mrefu mwembamba, na katika waya kama huo volti hupotea njiani. Pima kwa mita pale penye mtambo, kompresa ikiwa inazunguka; ukipima mtambo umezimwa hujapima kitu. Kwa mtambo wa volti 230, zisipungue 207 hivi. Waya wa kuungia usipungue milimita za mraba 2.5, na ukiwa mrefu uzidishwe unene. Gusa plagi baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, meno yake yamelegea.

Kama volti ni nzuri na kompresa hunguruma sekunde chache, ikafanya “ta!” kisha kimya, mshukiwe kapasita kabla ya kompresa. Joto la juu ya paa huiua kapasita mapema. Pengine huvimba kichwa, na pengine haioneshi alama yoyote ila kwa kupimwa. Ubavuni imeandikwa kipimo chake cha maikrofaradi. Ikipungua zaidi ya sehemu moja katika kumi, itolewe. Mpya iwe na maikrofaradi zile zile, na volti zilizoandikwa zisiwe chini ya za ile ya zamani. Bei ya kapasita haifanani na bei ya kompresa hata kwa mbali. Kumbuka pia kwamba kiyoyozi kikizimwa kisiwashwe tena papo hapo. Kingoje dakika tatu au nne, mbano wa pande mbili usawazike. Kompresa kuukuu haiwezi kuanza ikiwa imebanwa upande mmoja.

Baada ya kuosha, kuziba na kupima umeme, ndipo yaja hukumu ya kipimajoto. Funga milango, washa kwa nguvu zote, ngoja nusu saa. Pima hewa inayovutwa juu, kisha ile inayoteremka, karibu kabisa na tundu lake. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Sentigredi ni dalili ya mtambo mzima. Kwa hiyo hewa ya chumba ikiwa nyuzi 32 na inayotoka 22, mtambo umefanya kazi yake; kinachobaki ni gari kukaa juani, au dari isiyo na kitu cha kuzuia joto. Lihamishwe kivulini. Mtu asidai nyuzi 16 kwa kuwa ameona tarakimu hiyo katika kidude cha kuwashia. Na gari likiletwa Pemba, tofauti hiyo itapungua kidogo, bila ya ubovu wowote, kwani hewa yetu ina maji mengi na nguvu nyingi ya mtambo huishia katika kuyatoa maji hayo. Hewa ya Moshi ni kavu zaidi.

Tumebakisha gesi. Watu wengi huamini kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kama mafuta ya taa katika kandili. Haiishi. Haiungui, wala hailiwi. Huzunguka ile ile miaka yote. Ikipungua imevuja, na kama imevuja pana tundu, na fundi atiaye gesi bila ya kutafuta tundu ameuza bidhaa ambayo itatoka tena. Hivyo ndivyo ilivyomfika mwanachama wetu baada ya wiki tatu. Ama tundu lilikuwapo tangu zamani, ama, na hili hutokea sana, lilifanywa siku ile ile kwa valvu ya kutoboa iliyobanwa juu ya bomba ili gesi ipate kuingia. Valvu za namna hiyo zina ufizi wa mpira, nao huachia.

Dalili za gesi kupungua hasa ni hizi zikiwa pamoja: mapezi ni safi, upepo ni mwingi, volti ni nzuri, kompresa yazunguka, lakini tofauti ya joto ni ndogo, ampea ziko chini ya zile zilizoandikwa katika kibati, na barafu imeshika sehemu moja tu ya mabomba huku sehemu nyingine ni vuguvugu. Hapo aitwe fundi wa majokofu aliyesomea kazi, kwa mfano mwenye cheti cha VETA. Fundi huyo atajaza naitrojeni na kutafuta tundu kwa povu la sabuni. Akija na mtungi wa oksijeni badala ya naitrojeni, afukuzwe. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwa mbano hulipuka. Akiliziba tundu kwa kuchomea, atavuta hewa yote kwa pampu mpaka mabomba yawe matupu, ndipo atie gesi kwa kupima uzito katika mizani, kama ilivyoandikwa katika kibati. Sisi tuliozoea mizani ya karafuu twajua thamani ya neno hilo. Gesi inayotiwa kwa kukisia mtambo huu mdogo hauisamehe, ikizidi wala ikipungua.

Gesi yenyewe ina siasa yake. Mitambo mingi ya zamani hutumia R-22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua, nayo imo katika Mapatano ya Montreal ya 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo 1993. Nchi zetu zilipewa ratiba ya kuipunguza kuanzia 2013 hadi 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza pia nyingi katika zile gesi zilizokuja badala yake, kwa kuwa haziharibu ozoni lakini huzidisha joto la dunia. Matokeo yake kwa mwenye mtambo kuukuu ni kwamba R-22 itazidi kuwa adimu na ghali, na mitungi ya udanganyifu itazidi kuonekana sokoni. R-410A haiwezi kutiwa mahali pake. Mbano wake ni mkubwa kwa zaidi ya nusu, na mabomba hayakujengewa hivyo.

Wako pia watiao gesi ya kupikia, au propeni safi iitwayo R-290. Hatusemi kwamba propeni haipozi. Yapoza sana, na viwanda hujenga mitambo iliyokusudiwa gesi hiyo. Lakini kuitia katika sanduku la zamani lenye swichi zitoazo cheche, juu ya chumba kidogo chenye jiko, ambamo watu wamelala wamefunga madirisha, ni jambo la kuogopwa. Ikiwa fundi wa kwanza wa mwanachama wetu hakuonesha mtungi wake, hapana budi sasa aulizwe alitia nini, na kabla ya jibu kupatikana mtambo usiwashwe.

Lini basi mtambo uachwe? Kompresa ikipimwa na kuonekana kwamba nyaya zake za ndani zimegusa chuma, imekwisha kazi yake, na katika sanduku la namna hii haistahili kufunguliwa. Mabomba ya upande wa moto yakiwa yameliwa mpaka mapezi yanapukutika kwa kidole, hali kadhalika. Hili la pili Moshi ni nadra, lakini kwetu ni la kawaida, maana shaba na alumini zikikutana na chumvi ya bahari, alumini huliwa. Gari likivuka kuja Unguja na kurudi, mapezi yaoshwe kwa maji matamu siku ile ile.

Na akinunua kipya, apime tundu la paa kabla ya kulipa, asome kibati kuona volti na hezi, na achague cha volti 230 na hezi 50 hata kama gari ni la Kimarekani, kisha fundi umeme akivutie waya wake peke yake kutoka katika plagi ya nje. Kile cha zamani kisitupwe jalalani wala kukatwa kwa ajili ya shaba kabla ya fundi kuivuta gesi yake na kuitia katika mtungi.